Nuru Inayokusanywa kwa Kuzibwa

Mtu akiambiwa kwamba ipo njia ya kuziba nusu ya nuru inayosafiri kuelekea ukutani na, kwa kule kuziba tu, bila ya lenzi wala kioo cha aina yoyote, ikapatikana pale ukutani nukta moja yenye mwanga mkali mara 400 kuliko ulivyokuwa kabla hakijazibwa kitu, hapana shaka atadhani anachezewa akili. Nuru, kwa jinsi tuijuavyo katika maisha ya kila siku, haina hesabu ngumu: ukifungua dirisha inaongezeka, ukilifunga inapungua. Hata hivyo jambo hilo ni la kweli. Limepimwa na kurejewa kwa zaidi ya karne moja, na mwanafunzi wa skuli ya sekondari anaweza kulifanya kwa karatasi, wino mweusi na subira.

Hatulileti jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa ajili ya kustaajabisha tu. Vipete vilivyochongwa kwa kanuni hiyo hiyo hivi leo vinatiwa ndani ya macho ya wanaadamu waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Vinauzwa kwa bei kubwa, na vinasifiwa sana na wauzaji. Mwananchi anayekwenda kupasuliwa jicho, na afisa anayetia saini hati ya kuagiza vifaa vya hospitali, wote wawili wana haki ya kujua vipete hivyo vinafanya nini na nuru, vinatoa nini na vinachukua nini. Kulijua hilo hakuna budi kuanzie mbali kidogo.

Na watu wa visiwani, kusema kweli, hawaanzii mbali. Kila aliyewahi kusimama juu ya jabali wakati wa kusi, akatazama mawimbi yakiingia katika mlango mwembamba baina ya miamba miwili, ameiona asili ya jambo lenyewe kwa macho yake. Mawimbi hutoka bahari kuu yamenyooka, safu baada ya safu. Yakishapita mlangoni, hayaendi tena kwa kunyooka, bali hutanuka kwa mfano wa nusu duara, yakafika hata kwenye maji yaliyojificha nyuma ya mwamba, ambayo kwa hesabu ya mstari ulionyooka yalipasa kuwa shwari kabisa. Kadhalika, nyuma ya kisiwa kidogo, mawimbi yaliyozunguka upande huu hukutana na yale yaliyozunguka upande wa pili. Mgongo wa wimbi ukikutana na mgongo, maji huinuka maradufu. Mgongo ukikutana na bonde, maji hutulia. Manahodha wanalijua hili, ijapokuwa ni haki kusema kwamba kule baharini kina cha maji nacho kina sehemu yake katika kuyapinda mawimbi.

Nuru nayo ni wimbi. Ila ni wimbi dogo mno: urefu wa wimbi la nuru ya kijani ni sehemu 55 tu za milimita moja iliyogawanywa mara laki moja. Kwa udogo huo, mnazi au nguzo ya umeme haionekani kuizungusha nuru hata kidogo, na kivuli chake hulala chini kikiwa na ukingo wa kawaida. Mlango ukiwa mwembamba vya kutosha, au ukingo ukitazamwa kwa makini ya kutosha, nuru hufanya vile vile yafanyavyo mawimbi ya bahari: huchepuka. Padri mmoja wa Bologna, Francesco Grimaldi, ndiye aliyeliona jambo hili na kulipa jina, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Wataalamu wa fizikia huliita difraksheni. Sisi hapa tutaliita mchepuko wa nuru, ili tulitenge na ule mpindo wa kawaida unaotokea nuru inapoingia katika kioo au maji, ambao ndio unaofanya mwiko uliotiwa ndani ya gilasi ya maji uonekane kama umevunjika.

Lenzi tulizozizoea, za miwani, za kamera na za darubini, zote hukusanya nuru kwa mpindo. Kioo hufanywa kinene katikati na chembamba pembeni, na nuru hupindwa ikielekezwa mahali pamoja, panapoitwa fokasi. Mchepuko hauhitaji unene wowote. Unahitaji mipaka tu, yaani mahali nuru inaporuhusiwa na mahali inapokatazwa.

Mpaka ulio mwepesi kuliko yote ni tundu. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi na kufanya kazi Misri katika karne ya 11, aliandika risala nzima juu ya sura ya jua lililopatwa inavyoonekana baada ya nuru yake kupita tunduni. Jambo hilo si geni kwetu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watu wa Rujewa huko Mbeya waliona pete kamili ya moto, na huku visiwani jua lilimegwa likabaki hilali. Siku kama hiyo, chini ya mti wenye majani yaliyosongamana, ardhi hujaa hilali ndogo ndogo kwa mamia, kwa sababu kila upenyo baina ya majani huchora sura yake ya jua. Mtu akitaka sura iliyo wazi zaidi atadhani dawa ni kulifanya tundu liwe dogo zaidi na zaidi. Si hivyo. Likipita kiasi cha udogo, sura huanza kufifia kingo, maana mchepuko huitawanya nuru. Kwa sanduku lenye urefu wa sentimita 20, tundu linalofaa lina upana wa takriban theluthi mbili za milimita. Kipimo hicho kina sababu yake, nayo tutaifikia baada ya kumtaja Mfaransa mmoja ambaye bila yeye habari hii haisimuliki.

Augustin Fresnel alizaliwa mwaka 1788 huko Broglie, katika jimbo la Normandy. Kwa kazi alikuwa mhandisi wa serikali, mjenzi wa barabara, na kwa afya alikuwa dhaifu tangu utotoni. Mwaka 1815 Napoleon aliporejea madarakani kwa zile siku mia moja, Fresnel alijiunga na waliompinga, akapoteza kazi yake. Akaenda kukaa kijijini kwa mama yake. Hapo, akiwa hana kazi wala vyombo, ndipo alipoanza kuchunguza vivuli. Alihitaji lenzi yenye nguvu ya kuikusanya nuru ya jua iwe nukta. Akatumia tone la asali. Alihitaji chombo cha kupimia; akatengenezewa na fundi wa makufuli wa kijijini. Kwa zana hizo akapima mistari myembamba ya mwanga na giza inayojipanga pembezoni mwa kivuli, akaona kwamba haiwezi kuelezwa ila kwa kukubali kuwa nuru ni mawimbi.

Wakubwa wa elimu wa Paris wakati huo hawakuwa na rai hiyo. Wengi wao walishika kauli ya Newton kwamba nuru ni chembe zinazorushwa kama risasi. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilipotangaza shindano juu ya mchepuko wa nuru, kamati ya kuhukumu iliundwa na watu watano: Laplace, Biot na Poisson, wote wa upande wa chembe, Gay-Lussac, asiyekuwa na upande, na Arago, ambaye peke yake alikuwa rafiki wa rai ya mawimbi. Mwaka 1818 Fresnel alipeleka andiko lake. Poisson, bingwa wa hesabu asiye na mfano, alilichambua ili alivunje. Akatoa hoja hii: ikiwa maneno ya kijana huyu ni kweli, basi katikati kabisa ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawepo kitone angavu, chenye mwanga sawa na kwamba kisahani hakipo. Kwa Poisson huo ulikuwa upuuzi uliojidhihirisha wenyewe.

Arago hakubishana. Alichukua kisahani cha chuma cha milimita 2, akakigandisha kwa nta juu ya kipande cha kioo, akatazama kivuli chake. Kitone kilikuwepo.

Fresnel alipewa tunzo mwaka 1819. Inafaa kukaa kidogo juu ya hukumu hiyo, hasa kwa wale ambao kazi yao ni kukaa katika kamati. Watu watatu kati ya watano waliingia chumbani wakiamini kinyume, na wawili kati ya hao walikuwa na sifa kubwa kuliko mshindani mwenyewe kwa namna isiyolinganishika. Hoja ilipelekwa kwenye kipimo, kipimo kikatoa jibu, na jibu likaandikwa. Hatuna habari ya kamati nyingi zilizotenda hivyo. Ya ajabu zaidi ni kwamba watazamaji wawili wa Ufaransa walikwisha kukiona kitone kile karibu miaka 100 nyuma, mmoja mwaka 1715 na mwingine mwaka 1723, na hakuna aliyewasikiliza, kwa kuwa hapakuwa na nadharia ya kukipokea.

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Fikiri wimbi la nuru ya rangi moja likienda kuelekea ukuta ulio umbali wa mita 1, na chagua nukta moja ukutani. Fresnel alituonyesha tuligawe wimbi hilo kwa pete, moja ndani ya nyingine, kama pete za shina la mti, kwa namna ambayo safari kutoka kila pete hadi ile nukta inazidi safari ya pete iliyotangulia kwa nusu ya urefu wa wimbi. Maana yake ni kwamba nuru ya pete ya kwanza inapofika ikiwa mgongo, ya pili inafika ikiwa bonde, ya tatu mgongo, ya nne bonde, na kuendelea hivyo. Ni mfano wa mashua yenye wapiga makasia ishirini, kumi wakivuta kwenda mbele na kumi wakisukuma kwenda nyuma, kila mmoja akiharibu kazi ya jirani yake. Mashua hiyo haifiki popote. Katika nuru isiyozuiwa na kitu, pete zote kwa jumla yake huleta kwenye ile nukta nusu tu ya nguvu ambayo pete ya kwanza peke yake ingeileta.

Basi waondoe wapiga makasia wanaosukuma nyuma. Ziba pete ya pili, ya nne, ya sita, hadi ya ishirini. Zinabaki pete kumi, zote zikivuta upande mmoja, na mawimbi yake kwenye ile nukta yanasimama kwa kimo cha mara 20 ya kile cha mwanzo. Kwa kuwa ukali wa mwanga huenda kwa mraba wa kimo cha wimbi, 20 mara 20 ni 400. Hapo ndipo ilipotoka hesabu tuliyoianza nayo. Na pete ya kwanza ikiachwa wazi peke yake, zote nyingine zikazibwa, ndilo lile tundu bora la sanduku la picha tulilolitaja: bamba la pete lenye pete moja.

Asije mtu akadhani kwamba nuru imeumbwa kutoka hewani. Nukta ile inaneemeka kwa kuwa jirani zake zimepokonywa, na hesabu ya jumla haizidi hata chembe. Kwa hakika bamba la namna hii ni la ubadhirifu: nusu ya nuru huzuiwa, sehemu nyingine hupita moja kwa moja, nyingine huenda kwenye fokasi za pembeni, na iendayo kwenye fokasi kuu ni kama moja ya kumi tu. Bamba lenyewe alilitengeneza kwanza Lord Rayleigh wa Uingereza, aliyeliandika katika daftari lake mwaka 1871 asilitangaze; Soret wa Geneva akalichapisha mwaka 1875. Kisha mwaka 1898 Mmarekani Robert Wood akaja na fikra ya busara zaidi: kwa nini kuwatupa baharini wapiga makasia kumi, badala ya kuwageuza? Aliziacha pete zote wazi, lakini zile za shufwa akazipitisha katika tabaka jembamba lenye kuichelewesha nuru kwa nusu wimbi, ili nazo zifike zikivuta mbele. Iendayo kwenye fokasi kuu ikawa kama arobaini kwa mia. Siku hizi, kwa kuchonga kila pete mteremko laini badala ya kidato, karibu nuru yote ya rangi moja hufikishwa panapotakiwa.

Kwa walimu wa fizikia tunaongeza maneno machache ya kazi. Kwa nuru ya kijani na fokasi ya mita 1, nusu-kipenyo cha pete ya kwanza ni milimita 0.74, cha ya nne ni mara mbili yake, cha ya tisa ni mara tatu, kanuni ni kipeuo cha pili cha namba ya pete. Pete ya ishirini huishia milimita 3.3, hivyo bamba zima ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na pete zote zina eneo sawa. Zamani mchoro ulichorwa mkubwa mara kumi, ukapigwa picha na kupunguzwa kwenye filamu. Leo mashine nzuri ya kuchapa inaweza kuuchapa moja kwa moja juu ya plastiki angavu. Itumike taa ndogo iliyowekwa mbali, nyuma ya tundu. Mwanafunzi asiruhusiwe kutazama jua wala miale ya leza kupitia bamba hilo, kwa kuwa litafanya kile kile lilichotengenezwa kukifanya, na jicho litakuwa ndilo ukuta.

Hapa kuna kosa moja linalopaswa kusahihishwa, maana limeingia hata katika baadhi ya vitabu. Jina la Fresnel limeshikamana na lenzi ya minara ya taa, ile yenye pete nyingi za kioo zilizopangwa kama ngazi, na watu wengi hudhani kwamba lenzi hiyo nayo hufanya kazi kwa mchepuko. La. Ile ni lenzi ya mpindo, iliyopunguzwa unene kwa kukatwa vidato, na pete zake ni pana mno kwa mchepuko kuwa na neno. Fresnel aliibuni akiwa katika tume ya minara ya Ufaransa, na lenzi ya kwanza ikawashwa katika mnara wa Cordouan, kwenye mlango wa mto Gironde, mwaka 1823. Abiria wa bahari aujuaye mnara wetu wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, hahitaji kuelezwa taa ya namna hiyo ina thamani gani usiku. Lakini Fresnel wa mnara na Fresnel wa vivuli, ijapokuwa ni mtu mmoja, walishughulika na mambo mawili. Alifariki mwaka 1827 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 39.

Bamba la pete lina aibu moja kubwa, nayo ni rangi. Umbali wa fokasi yake hutegemea urefu wa wimbi. Bamba linaloikusanya nuru ya kijani kwenye mita 1 huikusanya nyekundu kwenye sentimita 85 hivi, na ya buluu kwenye sentimita 122. Picha ya vitu vya kawaida huja imezungukwa na rangi za upinde wa mvua. Kioo nacho hutawanya rangi, ila kwa mpango wa kinyume, kwani buluu ndiyo inayokusanyika karibu. Kwa hiyo ukizitia aibu mbili katika chombo kimoja, kwa kipimo sahihi, zinasitiriana. Ndivyo ilivyofanya kampuni ya Canon katika lenzi ya kamera ya milimita 400 iliyoingia sokoni mwaka 2001, ikawa fupi na nyepesi kuliko zilizoitangulia.

Mahali ambapo mchepuko hauna mshindani ni pale ambapo kioo hakifai kabisa. Eksirei laini, zile zinazofaa kutazamia chembe hai, hunywewa na kioo, na mpindo wake ni hafifu mno. Mwaka 1961 Albert Baez wa Marekani alichapisha andiko akionyesha kwamba bamba la pete lisilo na kioo ndani yake, pete za chuma na nafasi tupu baina yake, lingeweza kuzikusanya nuru za namna hiyo. (Wapenzi wa muziki watamjua zaidi kwa binti yake, Joan, nasi tunaongeza kwamba mtu huyu aliyekuwa na nafasi ya kutajirika kwa elimu yake alichagua kwenda kufundisha Baghdad, na baadaye kuisimamia elimu ya sayansi katika UNESCO.) Leo hadubini za eksirei zenye mabamba hayo huitazama seli nzima bila ya kuikata. Upana wa pete ya mwisho, ya nje kabisa, ndio unaoamua udogo wa kitu kinachoweza kuonekana. Mwaka 2005 maabara ya Berkeley ilitangaza kwamba imefika chini ya nanomita 15, yaani kumi na tano katika sehemu milioni moja za milimita.

Turudi sasa kwenye jicho, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mtoto wa jicho ndiye sababu ya kwanza ya upofu duniani. Lenzi ya asili hufanya ukungu, na tiba yake ni kuitoa. Zamani aliyetolewa alibaki na miwani mizito kama chini ya chupa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' ya London, daktari Harold Ridley alitia ndani ya jicho la mgonjwa lenzi ya plastiki, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya dirisha la ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wakati wa vita havikuleta madhara. Lenzi hiyo, na zilizoifuata, ina fokasi moja. Aliyetiwa huona mbali vizuri, na akitaka kusoma huvaa miwani.

Kuanzia miaka ya 1980 ikaja lenzi yenye vidato vya duara juu ya uso wake, vidato ambavyo kimo chake hakizidi elfu chache za milimita. Hivyo ndivyo vipete vyetu. Sehemu ya nuru hupita kama kwamba vidato havipo, ikakusanywa kwa vitu vya mbali. Sehemu nyingine huchepushwa na vidato, ikakusanywa kwa vitu vya karibu. Mgonjwa huona mbali na karibu bila ya miwani, na kwa mtu wa kalamu au wa cherehani neema hiyo si ndogo. Lakini nuru haijaongezeka. Katika lenzi ya namna hii iliyo ya kawaida, yenye fokasi mbili, asilimia 41 ya nuru huenda mbali, asilimia 41 karibu, na 18 iliyobaki hupotelea mahali pasipo na faida. Kila wakati, picha moja iliyo wazi hulala juu ya nyingine isiyo wazi. Mchana, katika jua letu, ubongo huichuja na mtu hasumbuki. Usiku kila taa inaweza kuvikwa mduara wa mwanga, na tofauti baina ya kitu cheusi na kitu cha kijivu hupungua.

Tuwafikirie basi wavuvi wa dagaa. Kazi yao ni ya usiku wa giza, mwezi usiokuwapo ndiyo heri yao. Wanakaa saa nyingi karibu na taa kali, kisha wanageuza macho kutazama maji meusi, kamba, chombo cha jirani, na wanaporudi wanatafuta taa ya gati au ya mnara. Kwa mtu huyu, kumgawia nuru mafungu mawili na kumzungushia pete kila taa aionayo si zawadi. Dereva wa gari la usiku ni mwenzake. Kadhalika mwenye maradhi ya retina, ambaye jicho lake tayari limepungukiwa, na ambaye madaktari wengi hawashauri atiwe lenzi ya aina hii. Mwalimu mstaafu anayesoma magazeti barazani, na ambaye baada ya sala ya isha hatoki tena, anaweza akaishukuru kila siku ya maisha yake.

Rai yetu ni kwamba fedha za umma zielekezwe kwanza katika lenzi ya fokasi moja, na miwani ya kusomea itolewe pamoja nayo, siyo mgonjwa aambiwe akaitafute mwenyewe dukani. Watu wengi zaidi watafunguliwa macho kwa kiasi hicho hicho cha fedha. Hatusemi lenzi ya vipete ipigwe marufuku. Anayeitaka na kuimudu, naye ameelezwa, aipate. Tunachokikataa ni kuiita bora bila ya kuuliza ni bora kwa nani. Muuzaji anapofika ofisini na vijitabu vyake vya rangi, afisa amuulize mambo ambayo hayahitaji shahada ya udaktari: nuru inagawanywa mafungu mangapi, kila fungu ni asilimia ngapi, ngapi inapotea, na wagonjwa waliotiwa wanasemaje juu ya usiku. Majibu hayo huandikwa na watengenezaji wenyewe katika karatasi zao za kitaalamu, si katika vijitabu vya rangi.

Na daktari, kabla ya kumlaza mgonjwa, amuulize kazi yake ni nini na anaifanya saa ngapi. Baada ya upasuaji mgonjwa apewe kadi yenye kibandiko kinachokuja katika pakiti ya lenzi, kinachoonyesha aina yake na nguvu yake. Kadi hiyo asiitupe, wala jamaa zake wasimtupie. Daktari atakayemtazama miaka kumi baadaye, huko Wete au Mkoani au popote atakapokuwa, ataihitaji.